Tovuti ya Kongamano Hulala Miezi Minane

Ukiuliza kwenye kundi lolote la mashabiki wa hadithi za kubuni ni programu gani itumike kutengenezea tovuti ya kongamano, majibu yatafurika kabla hujaiweka simu chini, na karibu kila jibu litakuwa jina la programu ambayo anayejibu anaitumia kazini kwake. Aliyezoea WordPress atakwambia WordPress. Anayeandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, atakwambia achana na mizigo hiyo, tumia Hugo, kurasa zitafunguka kufumba na kufumbua. Na atakuwepo kijana mmoja, kila kundi lina wa kwake, atakayesema hakuna haja ya kutafuta: yeye ataandika mfumo mzima mwenyewe, apewe wikendi mbili tu.

Mshukuruni kijana huyo, mpeni taa za jukwaani, tovuti msimpe. Si kwamba hawezi. Anaweza, na huenda akaandika kitu kizuri kuliko vyote nitakavyovitaja hapa. Shida ni kwamba mwaka ujao atapata kazi, au mchumba, au atahama, na mfumo utabaki kichwani mwake.

Nimekaa kwenye kamati ya kongamano la namna hii kwa muda wa kutosha kuona programu zikija na kuondoka pamoja na waliozileta. Siku hizi swali la kwanza ninalouliza halihusu uzuri wa programu hata kidogo. Nauliza tovuti itakuwaje katika ile miezi ambayo hakuna mtu anayeiangalia.

Maana kongamano la mashabiki ni kitu cha msimu. Miezi mitatu minne kabla ya siku yenyewe, kamati nzima iko macho: mmoja anafuatilia wageni waalikwa, mwingine anagawa meza za wauzaji, mwingine anajibu barua pepe za watu wanaouliza kama upanga wa mbao unaruhusiwa mlangoni. Kisha siku zinafika, watu wanavaa kosplei zao, mavazi ya wahusika wanaowapenda, wanapiga picha, wanarudi makwao, na kamati inaanguka kitandani. Kuanzia hapo tovuti iko peke yake, labda miezi minane. Hakuna anayefungua dashibodi, ule ukurasa wa ndani wa kuiendeshea tovuti. Maonyo kwamba kuna sasisho la usalama yanakwenda kwenye barua pepe ya mtu aliyekwisha kujitoa. Kampuni ina mtu anayelipwa kukaa na tovuti yake. Sisi tuna watu wenye mitihani, wenye watoto wachanga, wenye zamu za usiku, wanaojitolea kwa saa walizoiba kwenye usingizi wao. Ndiyo maana ushauri mwingi unaotolewa kwa makampuni haututoshi. Umeandikwa kwa ajili ya watu walio kazini mwaka mzima.

Chukua Drupal. Kwa uwezo tu, sijaona programu inayolifaa kongamano zaidi yake. Unaiambia kwamba kuna kitu kinaitwa mgeni, kingine ukumbi, kingine mjadala, kwamba kila mjadala una wageni wake na ukumbi wake, na yenyewe inajua kuunganisha. Ukibadilisha jina la mgeni mahali pamoja, linabadilika kote. Sasa sikiliza. Oktoba 2014 Drupal 7 iligundulika kuwa na tundu lililomwezesha mtu yeyote, hata asiye na akaunti, kupenyeza amri kwenye hifadhidata. Kirekebisho kilitolewa siku ileile tundu lilipotangazwa. Wiki mbili baadaye timu ya usalama ya Drupal ikatoa tangazo la pili: tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo la kwanza ihesabiwe kuwa imeshavamiwa.

Saa 7! Katika muda huo nusu ya kamati yetu iko kazini na nusu nyingine imelala, na hiyo ni ukiwa na bahati ya jambo lenyewe kutokea ndani ya msimu. Halafu kuna suala la kuhama. Drupal 7 ilitoka Januari 2011, na Drupal 8, iliyofuata Novemba 2015, ilibadilishwa kiasi kwamba kuhamia huko kulikuwa sawa na kujenga tovuti upya. Makundi mengi ya watu wa kujitolea yakabaki kwenye 7, mwisho wa msaada ukasogezwa mbele mara kadhaa, hadi ulipofika kweli tarehe 5 Januari 2025. Siilaumu Drupal. Imetengenezwa kwa ajili ya wenye mafundi, na sisi fundi wetu ni yule aliyekuwa na nafasi Jumapili jioni.

WordPress ina sifa moja inayozishinda nyingine zote kwa watu kama sisi: ukiangaza macho kwenye chumba chochote, yupo mtu aliyewahi kuitumia. Ilianza Mei 2003 kama programu ya kuandikia blogu, na leo, kwa hesabu za W3Techs, wanaofuatilia programu zinazotumiwa na tovuti, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote. Mwenye zamu akiugua, mwingine anakaa kwenye kiti. Tangu toleo la 3.7, la Oktoba 2013, marekebisho madogo ya usalama yanajisakinisha yenyewe bila mtu kubonyeza kitu, na hilo peke yake ni jambo kubwa kwa tovuti iliyolala.

Ugonjwa wake ni plagini, vile vipande vya ziada vya kuiongezea kazi. Mtu anataka kalenda, anaongeza plagini. Mwingine anataka picha zijipange vizuri, anaongeza ya kwake. Anakuja wa tatu anataka saa ya kuhesabu siku zilizobaki, maana eti bila saa hiyo watu hawatajua kongamano linakaribia. Kila plagini imeandikwa na mtu tofauti, ambaye naye anaweza kuchoka, kuacha, au kuuza. Mwaka 2017 plagini iitwayo Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa na mwenyewe, na mmiliki mpya akatia ndani yake kodi ya kuchapisha matangazo ya uchafu kwenye tovuti za watu. Waliokuwa makini kusasisha ndio walioipokea kodi hiyo. Kwa hiyo msimamo wangu kwenye kamati ni mkali, na unanikosanisha na watu: plagini inayotaka kuingia ije na jina la mtu atakayeitoa. Saa ya kuhesabu siku haikupita.

Upande wa pili kuna tovuti tuli, zile ambazo kurasa zake zinaandaliwa mapema na kuwekwa kwenye seva zikiwa faili tupu, bila hifadhidata wala dashibodi. Jekyll ilitoka 2008, Hugo 2013, na nyingine nyingi zimefuata. Kwa miezi ya usingizi hakuna kinachozishinda: hakuna mlango wa kuvunja, hakuna kitu cha kusasisha, na siku tiketi zinapofunguliwa na watu wote wakaingia kwa dakika moja, seva ndogo inayogawa faili inastahimili pale ambapo yenye kuuliza hifadhidata kwa kila mgeni ingezimia. Kijana wetu mmoja aliileta hoja hii kikaoni, akaonyesha mfano aliotengeneza, na kwa kweli ulipendeza. Katibu wetu, mama wa makamo ambaye ndiye hasa anayebeba kongamano mgongoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

“Sasa mwanangu, mgeni akiniambia jina lake limekosewa, mimi nafanyaje?”

“Rahisi tu, mama. Unafungua faili lake, unasahihisha, unaandika maelezo mafupi ya mabadiliko, unasukuma kwenye hazina, halafu unasubiri kidogo tovuti ijijenge.”

“Aa. Basi nitakupigia simu wewe.”

Hakuna aliyecheka kumzidi kijana mwenyewe, ila jibu lile ndilo lililofunga hoja. Siku ya kongamano alikuwa amejiandikisha kwenye shindano la kosplei, ndani ya vazi la kivita lisilo na mfuko wa kuwekea simu. Ziko programu za kuweka dashibodi mbele ya tovuti tuli ili katibu aandike bila kugusa faili. Nimezijaribu. Zinafanya kazi, lakini zinaongeza sehemu moja zaidi ya kuharibika, na sehemu hiyo anaielewa mtu mmoja.

Huduma za kujenga tovuti kwa kuburuta vitu kwa kipanya sitazisema sana. Kwa kongamano la mwaka mmoja zinafaa. Ila unalipia miezi ya usingizi kwa bei ileile ya miezi ya kazi, na kutoka ni vigumu. Wix, kwa mfano, inaeleza waziwazi kwamba tovuti iliyojengwa kwake haihamishiki kwenda kwenye seva nyingine. Wanaosema ukurasa wa mtandao wa kijamii unatosha wajaribu kutafuta humo, bila akaunti, tangazo la wiki tatu zilizopita kuhusu mlango wa kuingilia viti vya magurudumu.

Ukitaka kuona tatizo hili kwa ukubwa wake, angalia Worldcon, kongamano la dunia la hadithi za kubuni za kisayansi. Lilianza New York mwaka 1939, na mpaka leo linaendeshwa na watu wa kujitolea. Kila mwaka linakuwa na kamati nyingine katika mji mwingine, iliyochaguliwa kwa kura za wanachama miaka miwili kabla. Maana yake kila mwaka kuna tovuti nyingine, na mara nyingi programu nyingine. Kilichonivutia kwao ni namna watu wao walivyoacha kutafuta programu moja ya kufanya kila kitu, wakatengeneza vifaa vya kazi moja moja vinavyoweza kurithiwa. Kimojawapo ni KonOpas, iliyotengenezwa ichukue faili la ratiba na kuionyesha kwenye simu, na iendelee kuionyesha hata mtandao ulipokatika. Worldcon kadhaa zimeitumia, na makongamano madogo pia.

Huko ndiko nasi tulikoelekea. Tovuti ya kongamano ni kazi tatu zilizovaa koti moja: kuna kurasa, kuna tiketi, kuna ratiba. Kila programu niliyoona ikijidai kufanya zote tatu ilifanya moja vizuri na kuziburuta nyingine.

Tiketi zitoke kabisa nje ya tovuti. Sisi tunatumia pretix, programu ya chanzo huria iliyotoka Ujerumani, ambayo unaweza kuiendesha kwenye seva yako au kuwalipa wenyewe waiendeshe. Sisi tunawalipa wenyewe. Fedha hiyo ndiyo pekee katika bajeti ya tovuti ambayo siko tayari kuijadili, kwa sababu mbili. Kwanza, namba za kadi za watu hazitakiwi zipite kwetu hata kwa sekunde. Kanuni za PCI DSS za kulinda data za kadi si kitu cha kusomwa na mtu aliyechoka. Pili, na hili halisemwi vya kutosha, orodha ya waliojiandikisha kwenye kongamano la mashabiki ni orodha hatari kuliko inavyoonekana. Watu wetu wanajulikana kwa majina ya utani. Jina la kwenye beji ni moja, jina la kwenye kitambulisho ni jingine, na wako wasiotaka mwajiri au ndugu aone hayo mawili yakikaa kwenye mstari mmoja. Wako pia watoto walioandikishwa na wazazi wao. Orodha hiyo ikikaa kwenye WordPress iliyolala tangu msimu uliopita, nyuma ya plagini ya fomu ambayo mwenyewe ameshaitelekeza, tumeiacha barazani.

Ratiba ndiyo kazi ngumu, na ndiyo watu wanayoidharau wakidhani ni jedwali tu.

Fikiria mstari mmoja: Jumamosi, saa 8 mchana, Ukumbi B, mjadala kuhusu kutafsiri manga (hadithi za picha za Kijapani), wazungumzaji watatu. Ijumaa usiku mzungumzaji mmoja anaandika kwamba ndege yake imechelewa. Mjadala unasogezwa hadi saa 10, na kwa kuwa Ukumbi B saa hiyo una warsha ya kushona, unahamia Ukumbi A. Mabadiliko yenyewe ni maneno mawili. Ila yanatakiwa kuingia kwenye ukurasa wa ratiba, kwenye ukurasa wa kila mzungumzaji, kwenye PDF ambayo watu wameshaipakua, kwenye picha iliyotumwa kwenye mitandao ya kijamii, na kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa gundi. Kufika saa 7 mchana kila mahali panasema lake, na mtu wa kujitolea aliyesimama mlangoni anatukanwa kwa kosa asilolijua.

Dawa ni ratiba kuwa na chimbuko moja, vingine vyote vichote humo. Kwa wadogo, lahajedwali ya mtandaoni inatosha: kamati inaandika humo, na tovuti inasoma kutoka humo. Kwa wenye mapendekezo mengi ya kuchuja, pretalx, inayokusanya mapendekezo na kuyageuza kuwa ratiba, ni nzuri sana. Lakini chochote utakachochagua, kabla hujakisifu kipitishe kwenye mambo matatu madogo ambayo matangazo ya programu huwa hayayataji.

La kwanza ni namba ya utambulisho ya kila kipindi. Iwe ya kipindi chenyewe, isiwe nafasi yake kwenye orodha. Nimeona ratiba ambayo kipindi cha 14 kilikuwa cha 14 kwa sababu tu kilikaa kwenye mstari wa 14. Mtu akaingiza kipindi kipya juu, vyote vya chini vikashuka hatua moja, na wote waliokuwa wameweka nyota kwenye vipindi wanavyovipenda wakakuta nyota zao zimehamia kwa majirani. Mtu aliyetaka warsha ya kuchora akajikuta amealikwa kwenye mkutano wa wauzaji.

Kisha kuna ukanda wa saa. Ratiba ikitolewa kama faili la kalenda ambalo halikutaja ukanda, mgeni atakayeliingiza kwenye simu angali nyumbani kwake, akasafiri hadi kwenye kongamano, anaweza kukuta saa zote zimesogea. Na la mwisho ni vipindi vya baada ya saa 6 usiku. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Jumamosi na tunaelewana. Kompyuta haina kuamkia. Kwake siku imeshageuka, na filamu ya usiku wa manane inajipanga juu kabisa ya ukurasa wa Jumamosi, kabla ya kifungua kinywa, ambapo hakuna atakayeitafuta.

Jambo la uzito wa kurasa linaambatana na ratiba, kwa sababu ratiba inasomwa ndani ya ukumbi, pale ambapo kuta ni nene na maelfu ya simu yanagombea mnara mmoja. Ukurasa wenye picha kubwa ya mgeni rasmi kichwani, na video inayojicheza yenyewe, hautafunguka hapo. Na karatasi za ratiba tunaendelea kuzichapisha, zikiwa na saa zilipochapishwa zimeandikwa juu kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo kurasa ziko kwenye WordPress, yenye plagini za kuhesabika kwa vidole na mandhari, yaani sura ya tovuti, ya kawaida tusiyoichokonoa. Inaishi kwa msimu tu. Wiki chache baada ya kongamano, picha za washindi zikishawekwa na shukrani zikishatolewa, tunaigandisha. Programu ya wget ina chaguo la kunakili tovuti nzima ikawa faili tupu. Tunainakili, tunaondoa fomu na kisanduku cha kutafutia, ambavyo havitafanya kazi tena, tunabofya viungo kimoja kimoja kuona kama kuna kilichobaki kikielekea kwenye dashibodi, kisha nakala hiyo inakwenda kwenye folda yenye jina la mwaka husika. WordPress yenyewe inazimwa hadi msimu mwingine. Kwa miezi minane kilichopo hewani ni karatasi tu, hakina cha kuibiwa wala kusasishwa. Anayetaka kujua miaka mitano iliyopita alikuja mgeni gani anafungua folda ya mwaka huo.

Niliwahi kuambiwa kwamba kuhifadhi hivyo ni kupoteza muda, kila kitu kipo mtandaoni milele. Waulize mashabiki waliokuwa na kurasa zao GeoCities ilipofungwa Oktoba 2009, au waliokuwa na miaka ya mazungumzo kwenye Yahoo Groups, iliyofungwa moja kwa moja Desemba 2020.

Baada ya yote haya, kitu kinachoua tovuti nyingi za makongamano wala si programu. Ni kikoa, lile jina linaloandikwa juu ya kivinjari. Limesajiliwa kwa jina la mtu, linalipiwa kwa kadi ya mtu, na mtu huyo ameshagombana na mwenyekiti. Kadi inaisha muda, malipo yanakataa, na notisi inatumwa kwenye barua pepe ya kongamano ambayo, kwa kuwa iko kwenye kikoa hichohicho, imekufa pamoja nacho. Jina la .com likishafutwa lina siku 30 za kukombolewa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Zikipita, yeyote anaweza kulichukua, na miongoni mwa wachukuaji wamo watu wa kamari wanaotaka viungo vyenu vya zamani. Lisajiliwe kwa jina la chama, lilipiwe miaka mingi mbele (.com inaruhusu hadi 10), na barua pepe ya usajili iwe mahali pengine kabisa, yenye kufunguliwa na watu wawili wasiokaa nyumba moja. Kwetu ni mweka hazina na katibu.

Kinachotugombanisha hadi leo ni picha. Mpiga picha wetu mkuu anataka ziwe zote ndani ya tovuti, maelfu, kila mwaka. Mimi napinga. Zinaifanya nakala iliyogandishwa kuwa nzito mno, na mtu aliyevaa kosplei akituandikia baada ya mwaka akiomba picha yake iondolewe, itabidi tuitafute kwa mkono kwenye kila ukurasa ilipotokea. Afadhali albamu iwe kando, tuweke kiungo. Yeye ananijibu kwamba viungo vya nje hufa, na ananitajia GeoCities yangu mwenyewe. Kikao kijacho ndicho kitakachoamua, na nimeshasikia kwamba katibu yuko upande wake.